Seva ya Video Nyumbani: Kufungua Poti Kuwe Jambo la Mwisho

Fundi wa video akimaliza kazi ya harusi, humkabidhi mwenye shughuli diski yenye mafaili mazito, na moja tu kati ya hayo linaweza kuzidi gigabaiti 20. WhatsApp haipitishi faili linalozidi gigabaiti 2. Shangazi aliyeko Muscat anaitaka video, kaka aliyeko Minneapolis anaitaka, na diski ni moja tu, iko Tanga. Ndiyo sababu familia zenye kijana anayependa kompyuta zimeanza kuigeuza laptopu ya zamani kuwa seva. Inawekwa programu kama Jellyfin au Plex, diski inachomekwa, na kuanzia hapo TV ya sebuleni na simu zote za nyumbani zinachagua video kwenye orodha yenye picha na majina, kama wafanyavyo wanaolipia Netflix. Kazi hiyo ni ya jioni moja. Ugumu unaanza pale shangazi wa Muscat naye anapotaka kuangalia.

Jibu la mafundi wengi, na la video nyingi za mafunzo mtandaoni, ni moja: elekeza poti kwenye ruta. Jibu hilo lilifaa zamani na bado linawafaa wachache, lakini kwa familia ya kawaida ya Afrika Mashariki halistahili kuwa la kwanza. Kwa wengi halitafanya kazi hata wakifuata kila hatua, kwa sababu ya namna mitandao yetu ilivyogawiwa anwani. Kwa wale ambao litafanya kazi, linaiweka kompyuta ya nyumbani mbele ya dunia nzima ili ndugu watano waone harusi. Na kwa makundi yote mawili, ipo njia nyingine inayofikisha video ileile kwa ndugu walewale bila kumwalika mtu wa sita.

Ruta inafanya nini hasa

Tuseme ruta imeipa laptopu yetu anwani 192.168.1.20, na Jellyfin ndani yake inasubiri maombi kwenye poti 8096. Poti ni namba tu, kati ya 0 na 65535, inayoiambia kompyuta ujumbe ulioingia ni wa programu ipi. Tovuti zenye usimbaji fiche hutumia 443, Plex hutumia 32400. Anwani zinazoanza na 192.168, zile zinazoanza na 10, na baadhi ya zinazoanza na 172, zilitengwa mwaka 1996 kwa matumizi ya ndani. Nyumba nyingi mno duniani zina 192.168.1.20 yao, na hakuna aliye nje anayeweza kuifikia moja kwa moja. Huko nje nyumba nzima inajulikana kwa anwani moja iliyopewa ruta. Ruta inafanya kazi ya askari wa getini kwenye jengo la ghorofa: anayetoka anaandikwa daftarini, jibu lake likirudi linapelekwa chumbani kwake, na mgeni ambaye hakuna aliyemwita anarudishwa. Utaratibu huu unaitwa NAT, na ulipoelezwa mwaka 1994 shabaha yake ilikuwa kuokoa anwani zilizokuwa zikipungua. Ulinzi ulikuja kama faida ya ziada.

Kuelekeza poti ni kuipa ruta amri ya kudumu iliyo kinyume cha desturi hiyo. Mwenye nyumba anafungua ukurasa wa mipangilio ya ruta, mara nyingi kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, na kwanza anaifungia laptopu anwani yake isibadilike kila umeme unapokatika na kurudi. Kisha anaongeza kanuni: ujumbe wowote wa TCP unaofika kwenye poti 8096 kutoka nje upelekwe 192.168.1.20, poti 8096. Anahifadhi, basi. Kuanzia dakika hiyo ruta haiulizi ujumbe umetoka kwa nani. Ruta nyingi za nyumbani hazina nafasi ya kuandika kwamba anayeruhusiwa ni shangazi peke yake, na hata zilizo nayo hazisaidii sana, kwa kuwa anwani ya simu ya shangazi hubadilika kila anapohama kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine. Amri inasomeka kwa urahisi: yeyote atakayekuja kwenye namba hii, mpeleke ndani.

Anwani zimekwisha, tunagawana

Kabla ya kuijadili hatari hiyo, kuna swali la msingi zaidi: je, ujumbe wa shangazi utafika hata kwenye ruta ya nyumba? Anwani za kizazi cha IPv4, ambazo bado zinabeba sehemu kubwa ya intaneti, ni takriban bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Tarehe 3 Februari 2011 mafungu makubwa matano ya mwisho yaligawanywa kwa mashirika matano ya kikanda, kila moja fungu lake. Shirika la Afrika, AFRINIC, lenye makao yake Mauritius, ndilo lililobaki na akiba kwa muda mrefu zaidi, lakini mwezi Januari 2020 nalo liliingia katika awamu ya mwisho, ambapo anayeomba anapata anwani zisizozidi 1,024 kwa mara moja. Kampuni ya simu yenye wateja kwa mamilioni haiwezi kumpa kila mteja anwani yake kwa mgawo kama huo. Inachofanya ni kuweka NAT nyingine kubwa kwenye mitambo yake, na wateja wengi wanatoka nje kwa anwani moja ya pamoja. Utaratibu huo unaitwa CGNAT, na mwaka 2012 ulitengewa anwani zake maalumu, kuanzia 100.64.0.0 hadi 100.127.255.255.

Kwa mwenye seva, matokeo yake ni kwamba ujumbe wa shangazi unaishia kwa kampuni. Kanuni iliyoandikwa kwenye ruta ya nyumbani inaielekeza ruta ya nyumbani tu. Mtambo wa kampuni haujui lolote kuhusu poti 8096, na hauna sababu ya kumchagua mteja mmoja kati ya wengi wanaotumia anwani ileile. Hali hii ni ya kawaida kwa ruta zinazotumia laini ya simu, na huduma ya kawaida ya Starlink, iliyoingia Kenya mwezi Julai 2023, nayo hutoa IPv4 kwa mtindo huohuo. Kwenye faiba inategemea kampuni na kifurushi.

Kuijua hali yako hakuchukui hata dakika tano. Fungua ukurasa wa ruta, tafuta sehemu inayoonesha anwani iliyopewa upande wa nje, yaani WAN, kisha ilinganishe na anwani inayotajwa na tovuti yoyote inayokuonesha anwani yako ya intaneti. Zikiwa sawa, una anwani yako mwenyewe. Zikitofautiana, au ile ya WAN ikianza na 10 au ikiangukia kati ya 100.64 na 100.127, kuna NAT nyingine juu yako. Mara chache huwa ni ya ndani ya nyumba: kisanduku cha faiba kilichofungwa na kampuni kinafanya NAT, na ruta uliyonunua mwenyewe inafanya nyingine, na hapo dawa ni kukiweka kimoja katika hali ya daraja. Lakini NAT ikiwa ya kampuni, hakuna mpangilio wa ruta utakaoiondoa. Kipimo hiki kidogo kingewaokoa watu wengi wanaomwita fundi, fundi akaizima na kuiwasha ruta, akabadilisha namba ya poti, na mwisho akaiweka laptopu katika DMZ, mpangilio unaoipelekea kompyuta moja kila ujumbe wa kila poti unaofika bila kuitwa. Hatua hiyo ya mwisho haileti video kwa shangazi, na siku kampuni itakapobadilisha mfumo na kukupa anwani ya umma, laptopu itakuwa wazi yote bila wewe kujua.

Nani atahangaika na harusi yangu?

Sasa tuseme una bahati: anwani ni yako, kanuni imefanya kazi, shangazi anaangalia. Pingamizi la kawaida kwa anayeonya juu ya usalama ni kwamba mdukuzi hana haja na harusi ya familia isiyojulikana. Pingamizi hili linachukulia kwamba mdukuzi anachagua nyumba ya kuivamia. Hachagui. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walitoa ZMap, programu iliyoweza kupima poti moja kwenye anwani zote za IPv4 duniani kwa muda usiofika dakika 45, ikitumia kompyuta moja tu yenye intaneti ya gigabiti moja kwa sekunde. Tangu 2009 ipo Shodan, injini ya utafutaji inayoorodhesha vifaa vilivyo wazi kwenye intaneti pamoja na programu vinavyotumia. Seva yako haihitaji kujulikana kwa jina. Inahitaji kujibu tu, na itaingia kwenye orodha. Ndiyo maana ushauri wa kubadilisha 8096 iwe namba isiyozoeleka unapunguza kelele kidogo lakini haufichi kitu, kwa kuwa namba zote ni 65,536 na mashine haichoki kuzihesabu.

Kinachofuata baada ya kuorodheshwa kimekwisha kuonekana. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai ilijaribu takriban jozi 60 za majina na nywila za kiwandani kwenye kamera na vifaa vingine vya nyumbani vilivyokuwa wazi, ikavigeuza jeshi, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo likaizidi nguvu kampuni ya Dyn ya Marekani, iliyokuwa ikielekeza majina ya tovuti kwenye anwani zake, kiasi kwamba Twitter, Netflix na tovuti nyingine kubwa hazikufunguka kwa saa kadhaa. Wenye kamera hizo hawakuwa walengwa, walikuwa njia tu. Mwezi Januari 2022 zamu ilikuwa ya vifaa vya kuhifadhia mafaili vya kampuni ya QNAP ya Taiwan, aina ileile ya vifaa ambavyo watu huviwekea picha na video za familia. Programu iitwayo Deadbolt iliingia kwenye vile vilivyokuwa wazi mtandaoni, ikayafunga mafaili kwa usimbaji, na ikadai bitikoini 0.03 kwa kila mwenye kifaa, ambazo kwa bei ya wakati ule zilizidi dola 1,000 za Marekani. Ushauri wa kwanza wa QNAP kwa wateja wake unafaa kukumbukwa na kila mwenye seva: zimeni uelekezaji wa poti kwenye ruta, na zimeni UPnP kwenye kifaa. UPnP ni utaratibu unaokiruhusu kifaa kilicho ndani kuiomba ruta ikifungulie poti bila mwenye nyumba kuulizwa. Ruta nyingi huuzwa ukiwa umewashwa, kwa hiyo huenda nyumba yako ina poti iliyo wazi ambayo hakuna aliyeifungua kwa mkono.

Mfano wa tatu ni wa programu za video zenyewe. Kampuni ya kutunza nywila ya LastPass, iliyodukuliwa mwaka 2022, ilieleza mapema 2023 kwamba wavamizi walipitia kompyuta ya nyumbani ya mhandisi wake mmoja, kwa kutumia dosari ya programu ya video. Plex ilithibitisha kwamba dosari hiyo ilikuwa yake, na kwamba ilikuwa imerekebishwa tangu Mei 2020, ila mhandisi hakuwahi kusasisha. Ni haki kusema kwamba dosari ile ilimtaka mvamizi awe kwanza na mamlaka ya msimamizi wa seva, kwa hiyo kisa hiki hakithibitishi kwamba kila poti iliyo wazi inaliwa. Kinachothibitishwa ni kitu kingine: seva ya filamu haiishi peke yake. Laptopu yenye harusi ndiyo hiyohiyo yenye nakala za pasipoti, hati ya kiwanja, akaunti ya barua pepe iliyoachwa wazi na kazi za ofisi za mtu fulani. Anayeingia kwa ajili ya chochote anakuta vyote.

Kuna pia thamani ya video yenyewe. Katika miji ya mwambao, video ya usiku wa hina au ya ukumbi wa kina mama peke yao hurekodiwa kwa makubaliano kwamba haitaonwa nje ya familia. Jellyfin ikiachwa na mipangilio yake ya mwanzo kwenye poti 8096 hutuma kila kitu bila usimbaji fiche, nywila ikiwamo, na anayetumia Wi-Fi ya hoteli anaweza kusomwa na aliye kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Familia inayomkataza mgeni kupiga picha ukumbini haina sababu ya kuyarusha mambo yaleyale mtandaoni kwa njia inayosomeka.

Njia isiyomwalika kila mtu

Mbadala ni kuifanya simu ya shangazi iwe kama iko ndani ya nyumba. Hiyo ndiyo kazi ya VPN katika maana yake ya awali: mtandao binafsi kati ya vifaa vinavyofahamiana. WireGuard, iliyoanzishwa na Jason Donenfeld na kuingizwa katika kiini cha Linux mwezi Machi 2020, inakipa kila kifaa ufunguo wake, na ujumbe usio na ufunguo unaotambulika haujibiwi kabisa. Anayepima poti kutoka nje haoni tofauti kati ya seva ya WireGuard na mahali pasipo na kitu. Kwa mwenye anwani ya umma, WireGuard yenyewe inahitaji poti moja ielekezwe, na hapa msomaji makini atauliza: si tumerudi kulekule? Tofauti ni kubwa. Poti ya Jellyfin inamfungulia kila mtu ukurasa wa kuingilia na programu nzima iliyo nyuma yake, yenye sehemu nyingi na dosari zinazogunduliwa kila mara. Poti ya WireGuard ina programu ndogo iliyoandikwa kwa kazi moja, na ni bubu kwa asiye na ufunguo.

Kwa walio wengi, walio chini ya CGNAT, zipo huduma zilizojengwa juu ya msingi huo na zisizohitaji poti yoyote. Tailscale, kampuni ya Toronto iliyoanza mwaka 2019, ndiyo inayotumika sana. Laptopu ya Tanga na simu ya Muscat zote zinatoka nje kuitafuta seva ya Tailscale, nayo inazielekeza zilipo. Kisha kila moja inaitumia nyenzake ujumbe, na kwa kuwa kila moja imeanza kutoka, NAT za pande zote zinaandika safari hiyo na kulipokea jibu. Pale mitambo ya kampuni inapokuwa mikali mno, mawasiliano yanapitia seva ya katikati, yakiwa bado yamesimbwa kwa funguo ambazo seva hiyo haina. Mwendo hapo hupungua, lakini video inafika. Hakuna kanuni iliyoandikwa kwenye ruta, na anayepima nyumba kutoka nje anakuta ruta iliyofunga kila kitu.

Mapingamizi dhidi ya njia hii yapo, na mengine yana uzito. La kwanza ni kwamba inamtaka kila ndugu aweke programu na afungue akaunti, kazi ambayo mzee wa miaka 70 hataifanya. Ni kweli, na ni kweli pia kwamba TV nyingi janja hazina programu hiyo. Lakini Tailscale ipo kwa Android TV na Apple TV, kwa hiyo kisanduku kidogo cha Android kinachochomekwa nyuma ya TV kinatosha, na mjukuu anaweza kukiandaa mara moja kabla ya kukikabidhi. Usumbufu unatokea siku ya kwanza tu, ilhali hatari ya poti iliyo wazi ni ya kila siku.

La pili ni utegemezi: tumekataa kuwapa Google na YouTube video zetu, mbona tunaitegemea kampuni ya Canada? Hoja hii ni ya haki, na jibu lake ni kwamba utegemezi hauko sawa. Tailscale inajua vifaa gani ni vya familia gani na viko kwenye anwani zipi. Haishiki video wala funguo za kuisoma. Asiyeridhika na hilo anaweza kuendesha Headscale, programu huria inayofanya kazi ya seva ya uelekezaji, mradi awe na kompyuta ya kukodi yenye anwani ya umma. Tukumbuke pia kwamba hata njia ya zamani haikuwa huru. Plex, ambayo wengi waliichagua ili kuepuka ada za kila mwezi, tangu tarehe 29 Aprili 2025 inataka malipo kwa anayeangalia video zake akiwa nje ya nyumba. Kuhusu YouTube, hata ukiiweka video kama isiyoorodheshwa, kiungo chake kikisambaa imesambaa, na muziki wa ukumbini mara nyingi huitambulisha video kwa mfumo wa hakimiliki, ambao unaweza kuinyamazisha au kuizuia.

La tatu linawahusu wasomaji wa Tanzania peke yao. Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilitoa tangazo likiwataka wanaotumia VPN kuwasilisha taarifa zao, kwa msingi wa kanuni za maudhui ya mtandaoni zinazokataza teknolojia ya kufikia maudhui yaliyopigwa marufuku. Mtandao wa familia unaounganisha laptopu moja na simu tano haupitishi tovuti yoyote, na kwa kazi yake ni kitu tofauti na VPN inayobadilisha nchi unayoonekana uko. Hata hivyo tangazo lilizungumzia VPN kwa jumla, na mtu wa kawaida hapaswi kujipa kazi ya kutafsiri sheria. Mtanzania anayetaka njia hii aanze kwa kuwasilisha taarifa zake TCRA.

La nne ni IPv6, kizazi kipya cha anwani ambacho kinaweza kukipa kila kifaa anwani yake ya umma bila NAT. Wapo wanaosema tusubiri, tatizo litajimaliza. Tatizo la kufika litaisha, naam, pale pande zote mbili zitakapokuwa na IPv6. La usalama litabaki, kwa sababu ruta bado itakuwa imezuia wanaoingia kutoka nje, na kuiruhusu seva kutataka kanuni ileile kwa sura nyingine. Wingi wa anwani za IPv6 unafanya upimaji wa moja baada ya nyingine usiwezekane, jambo jema, lakini programu yenye dosari inabaki na dosari yake kwa yeyote aliyeipata anwani.

Kuna kikwazo kimoja ambacho hakuna kati ya njia hizi inayokiondoa, nacho ni kasi ya kupakia. Video ya 1080p inayotumia megabiti 8 kwa sekunde inakula takriban gigabaiti 3.6 kwa saa, na ndugu watatu wakiangalia kwa pamoja nyumba inahitaji megabiti 24 kwa sekunde za kutoka, si za kuingia. Faiba nyingi zinaweza. Ruta ya laini ya simu yenye bando la kuhesabu itamaliza bando kabla ya keki kukatwa. Jellyfin inaweza kuipunguza video hadi megabiti 2 au 3 wakati wa kuituma, ikiwa laptopu ina nguvu ya kutosha, na kwa simu ya mkononi ubora huo unaridhisha.

Kwa anayelazimika

Wapo ambao bado watahitaji poti iliyo wazi: mwenye ndugu wengi mno wa kuwekea programu mmoja mmoja, taasisi inayotaka mahubiri au mihadhara yake ipatikane kwa yeyote, au mpenzi wa kompyuta anayejua anachokifanya. Kwao, mambo machache hayana mjadala. Poti inayofunguliwa iwe 443 peke yake, na nyuma yake ikae programu ya kupokea wageni kama Caddy, inayojipatia cheti cha bure cha Let's Encrypt na kusimba mawasiliano yote kabla ya kuyapeleka Jellyfin. DMZ isiguswe, UPnP izimwe, nywila ya ruta yenyewe iwe imebadilishwa kutoka ile iliyobandikwa chini yake. Akaunti wanazopewa ndugu zisiwe za msimamizi, na msimamizi asiruhusiwe kuingia kutoka nje. Seva ikae kwenye kompyuta isiyo na kazi nyingine, folda ya video iwe ya kusomwa tu, na nakala ya diski iwe imewekwa mahali pasipo na waya wala Wi-Fi. Masasisho yafanywe kila yanapotoka. Kisa cha mhandisi wa LastPass kilikuwa na miaka miwili ya masasisho yaliyopuuzwa. Na kilichomo kiwe chako: sheria za hakimiliki za Tanzania na Kenya hazigeuzi filamu ya mtu kuwa yako kwa sababu tu umeihifadhi kwenye diski ya nyumbani.

Orodha hiyo ni ndefu kwa makusudi. Asiyeweza kuitimiza yote ajue kwamba kufungua poti si kazi yake kwa sasa, na hakuna aibu ndani yake. Leo jioni fungua ukurasa wa ruta yako, soma anwani ya WAN, zima UPnP, na uifute kila kanuni ya poti ambayo hukumbuki nani aliiweka na kwa ajili ya nini. Shangazi mtumie mwaliko wa mtandao binafsi. Atachelewa kuiona harusi kwa siku moja, lakini itaonwa na walioalikwa tu.